Hangova ya asubuhi: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Maswali kuhusu dawa ya hangova huja karibu yote kutoka kwa watu ambao tayari wamejaribu kitu kikawashinda. Mmoja amegugumia jagi zima la maji na kulitapika lote. Mwingine amemeza vidonge vya kichwa tumbo likiwa tupu, sasa tumbo linauma kuliko kichwa. Wa tatu amezimua na chupa moja, akapata nafuu ya saa mbili, kisha hali ikamrudia akiwa kazini.

Makosa hayo yana mzizi mmoja, nao ni haraka. Kwa hiyo niseme wazi mapema: hakuna dawa inayoondoa hangova. Mwaka 2005 jarida la tiba la Uingereza, BMJ, lilichapisha mapitio ya majaribio ya tiba mbalimbali, na waandishi wake hawakukuta ushahidi wa kuridhisha kwamba hata moja inaizuia au kuitibu. Ini lako ndilo litakalomaliza kazi, kwa kasi yake.

Kazi yako wewe ni kuupa mwili unachohitaji kwa mpangilio unaofaa, na kutouongezea jeraha jingine. Mpangilio ni huu: usalama, maji, chakula, dawa, usingizi. Ukianza na dawa ukamalizia na maji, utaumia bure.

## Vitu vya kuwa navyo karibu

- Maji safi ya kunywa, lita mbili hivi.
- Pakiti ya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, unaotolewa kwa wanaoharisha), au sukari, chumvi na kijiko cha chai.
- Chakula chepesi: mkate, uji, wali mweupe, ndizi mbivu, supu isiyo na mafuta mengi.
- Ndoo au beseni.
- Dawa moja ya maumivu. Usiimeze kabla ya kusoma hatua ya 5.
- Simu yenye chaji, na mtu mmoja anayejua uko wapi na una hali gani.

Kama unajua utatoka usiku, viweke kando ya kitanda kabla ya kuondoka. Asubuhi kichwa kikigonga, hata kutafuta kijiko ni kazi.

## Hatua ya 1: Hakikisha kwamba ni hangova kweli

Usiruke hatua hii, hasa kama unayemhudumia ni mtu mwingine. Kuna watu hufariki wakidhaniwa wamelala tu.

Tumbo na utumbo huendelea kupitisha pombe kwenye damu hata baada ya mtu kuacha kunywa. Aliyelala akiwa amelewa sana anaweza kuzidiwa akiwa usingizini. Maneno "mwache alale, itaisha" si salama.

Piga simu ya dharura au mpeleke hospitali mara moja ukiona lolote kati ya haya:

- Haamki hata ukimtikisa na kumwita.
- Anapumua chini ya mara 8 kwa dakika, au pumzi inakatika kwa sekunde 10 au zaidi.
- Ngozi ni baridi, au midomo na kucha zimebadilika rangi kuwa kijivu au bluu.
- Ana degedege, au amechanganyikiwa, hajui alipo.
- Anatapika damu, au matapishi yanafanana na unga wa kahawa.
- Alianguka au kugonga kichwa, na maumivu yanazidi.
- Ana maumivu makali juu ya kitovu yanayopenya hadi mgongoni. Huo unaweza kuwa uvimbe wa kongosho.

Wakati mnasubiri msaada, mlaze ubavu, kichwa kikielekezwa chini kidogo ili matapishi yatoke nje. Usimlaze chali. Usimlazimishe kunywa kitu, na usimwache peke yake.

Kuna hatari moja inayojificha. Ikiwa pombe iliyonywewa haijulikani ilikotengenezwa, inaweza kuwa na methanoli, aina ya pombe isiyofaa kunywewa. Mtu huamka akidhani ana hangova ya kawaida, kisha saa 12 hadi 24 baadaye macho yanaanza kuona ukungu au mwanga mkali kupita kiasi. Usisubiri kuona kama yatapona yenyewe. Hospitali zina dawa ya kuizuia methanoli isigeuke kuwa sumu inayopofusha, lakini kila saa inayopita inapunguza uwezekano wa kuyaokoa macho.

Utajua uko salama ukiwa unajibu maswali vizuri, unatembea bila kushikwa, unapumua kawaida, na malalamiko yako ni kichwa, kiu, kichefuchefu na uchovu.

## Hatua ya 2: Kadiria kama pombe imekwisha mwilini

Watu wengi hudhani kuamka ndiyo dalili kwamba pombe imetoka. Piga hesabu kwanza.

Chukua ujazo wa kinywaji kwa mililita, zidisha kwa asilimia ya pombe iliyoandikwa kwenye chupa, gawa kwa 100, kisha zidisha kwa 0.8. Utapata gramu za pombe. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina gramu 20.

Ini la mtu mzima huondoa takribani gramu 7 hadi 10 kwa saa. Tuseme ulianza kunywa saa 2 usiku, ukanywa bia tano za aina hiyo. Hizo ni gramu 100. Ini lenye kasi litamaliza karibu saa 12 asubuhi. Lenye mwendo wa polepole litafika saa 4 na robo asubuhi. Usijipangie kasi ya juu. Chukua ile ya chini.

Kuoga maji baridi, kukimbia mpaka utoke jasho, kunywa kahawa: vyote hivyo haviongezi kasi hiyo.

Ajabu yake ni kwamba hangova huwa kali zaidi pombe inapokaribia kwisha kwenye damu. Ndiyo maana mtu huamka alfajiri akiwa mzima, saa 3 asubuhi akawa taabani. Hajaharibu chochote katikati. Ulevi ndio umeacha kumfunika maumivu.

Onyo: usiendeshe gari wala pikipiki, usipande ngazi ndefu, usiendeshe mashine na usiogelee mpaka pombe iishe *na* dalili zitulie. Hata damu ikiwa haina pombe tena, hangova hupunguza umakini na kuchelewesha mikono na macho kuitikia.

## Hatua ya 3: Rudisha maji, kidogo kidogo

Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Pombe huzuia homoni inayoziambia figo zibakize maji, iitwayo vasopresini. Ndiyo sababu ulienda haja ndogo mara nyingi usiku ule. Uliamka na kiu, mdomo mkavu na kizunguzungu kwa kuwa maji na chumvi vimepungua. Wakati huohuo, ukuta wa tumbo umechubuliwa na pombe. Ukimimina glasi mbili kwa mkupuo, tumbo lililovimba linatanuka ghafla na kuyarudisha yote. Ukitapika unabaki na maji pungufu kuliko uliyokuwa nayo mwanzo.

Fanya hivi:

1. Kama umetoka kutapika sasa hivi, sukutua mdomo, kisha liache tumbo lipumzike dakika 15. Usipige mswaki papo hapo. Asidi ya tumbo imelainisha meno.
2. Anza na funda moja dogo kila baada ya dakika 5. Endelea hivyo kwa nusu saa.
3. Yakikaa tumboni, ongeza hadi robo glasi kila dakika 15.
4. Baada ya saa moja bila kutapika, kunywa kawaida kufuatana na kiu.

Kwa aliyetapika au kuharisha, maji ya ORS yanafaa kuliko maji matupu, kwa sababu sukari na chumvi kwa vipimo sahihi husaidiana kuyavuta maji kwenye utumbo. Kama huna pakiti, changanya lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazisha, visiwe na kilima. Koroga mpaka viyeyuke, kisha onja. Yasizidi chumvi ya machozi. Yakizidi, mwaga uanze upya. Yanayobaki yamwagwe baada ya saa 24.

Kwa ambaye hakutapika, maji ya kawaida pamoja na chakula chenye chumvi kiasi yanatosha kabisa. Soda haifai hapa: gesi hujaza tumbo, na sukari nyingi inaweza kuzidisha kuharisha.

Onyo: usijilazimishe lita nne au tano ukiamini unaifukuza pombe kwa mkojo. Sehemu ndogo sana ya pombe hutoka kwa njia hiyo. Maji mengi mno kwa muda mfupi hushusha chumvi ya damu, na hilo lina hatari zake. Wenye ugonjwa wa moyo au figo wafuate kiwango walichopewa na daktari.

Utajua umefanikiwa mdomo ukianza kuwa na mate, ukisimama bila giza machoni, na mkojo ukigeuka kutoka njano iliyokolea kuwa njano hafifu ndani ya saa kadhaa. Kichwa kinaweza kuwa bado kinauma. Hilo lisikukatishe tamaa, kwa maana maji hutibu upungufu wa maji peke yake. Sehemu ya maumivu inatokana na kinga ya mwili iliyochokozwa na pombe, na hiyo hupungua kwa muda.

Ukishindwa kubakiza hata mafunda madogo kwa saa 6, au usipopata mkojo kwa saa 8, nenda hospitali ukawekewe maji ya mshipa.

## Hatua ya 4: Kula kitu chepesi

Subiri mpaka maji yakae tumboni nusu saa. Kisha kula kidogo: kipande cha mkate, nusu bakuli la uji, ndizi moja. Baada ya saa moja, rudia.

Ini likishughulika na pombe huchelewa kutengeneza sukari mpya ya damu. Kama jana ulikunywa bila kula, akiba imeshuka, na huo udhaifu, jasho la baridi na magoti yanayolegea vinaweza kuwa njaa ya ubongo. Chakula cha wanga huinua sukari hiyo polepole.

Vyakula vilivyozama kwenye mafuta viache mpaka jioni. Vingekusaidia jana kabla ya kunywa, kwa kuchelewesha pombe kuingia kwenye damu. Leo vitachochea kiungulia tu. Pilipili nyingi na juisi za machungwa au ndimu nazo huwasha tumbo lililochubuka.

Onyo kwa wenye kisukari: kama unatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, hatari ya sukari kushuka sana inaendelea hadi saa 24 baada ya kunywa. Dalili zake zinafanana mno na hangova. Pima mara kwa mara, na usiruke mlo.

## Hatua ya 5: Dawa ya maumivu, kwa hadhari

Chagua dawa kwa kuangalia hali yako. Dawa iliyomsaidia jirani inaweza kukudhuru wewe.

Ibuprofeni na aspirini hupunguza maumivu na uvimbe, lakini zote mbili hukwaruza tumbo, na pombe imeshalikwaruza. Usizimeze tumbo likiwa tupu au ukiwa bado unatapika. Baada ya kula na kunywa maji, ibuprofeni ya miligramu 200 hadi 400 mara moja inatosha kwa mtu mzima mwenye afya. Usitumie kabisa kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa hizi, unatumia dawa za kuzuia damu kuganda, au una ujauzito.

Parasetamoli ni laini kwa tumbo. Mzigo wake uko kwenye ini. Sehemu ndogo ya dawa hii hugeuka kuwa sumu, na ini huitegua sumu hiyo kwa akiba ya kemikali iitwayo glutathioni. Kunywa pombe kila siku na kushinda njaa huipunguza akiba hiyo. Mtu mwenye afya anayekunywa mara chache anaweza kumeza miligramu 500 hadi 1,000 siku ya pili baada ya kula, bila kupita gramu 4 kwa saa 24 kutoka vyanzo vyote. Anayekunywa karibu kila siku, mwenye ugonjwa wa ini, au ambaye hajala vizuri kwa siku kadhaa, aache mpaka azungumze na mfamasia au daktari.

Angalia pia kilichomo kwenye dawa za mafua. Nyingi zina parasetamoli ndani, na hivyo ndivyo watu wanavyomeza dozi mbili bila kujua. Aliyezidisha anaweza kujisikia vizuri siku ya kwanza, ini likawa linaharibika kimyakimya. Ukijua umezidisha, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama huumwi popote.

Wapo wanaomeza vidonge usiku wakiwa bado wamelewa, ili "kuwahi" hangova. Wanapoamka dawa imeshaisha nguvu, na wamelibebesha ini kazi mbili kwa wakati mmoja. Tabia hii iacheni, tafadhali.

Usichanganye pombe iliyobaki mwilini na dawa za usingizi, dawa kali za maumivu kama kodeini na tramadoli, au dawa za mzio zinazoleta usingizi. Pamoja zinaweza kuzima pumzi. Kama uko kwenye metronidazoli (dawa ya kuua bakteria), maelezo ya dawa hiyo yanaonya dhidi ya pombe: mtu anaweza kupata kutapika kukali, uso kuwaka na moyo kwenda mbio. Ukipata hali kama hiyo, mpigie simu daktari aliyekuandikia.

Utajua umefanikiwa maumivu yakipungua ndani ya saa moja hivi. Yasipopungua, usiongeze dozi kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti.

## Vipi kuhusu kuzimua?

Swali hili huja kila mara, tena kutoka kwa watu wenye ushahidi wao wenyewe: "Nilikunywa moja asubuhi, nikapona."

Ndiyo, nafuu ipo. Hangova hukolea pombe inapokwisha, kwa hiyo ukiongeza nyingine unaahirisha mwisho huo. Pia vinywaji vingi vina kiasi kidogo sana cha methanoli, na ini huishughulikia baada ya kumaliza pombe ya kawaida. Chupa ya asubuhi inairudisha methanoli kwenye foleni. Hakuna kilichofutwa. Mchana au jioni deni linarudi na nyongeza juu yake, wakati huo tumbo na usingizi vikiwa hoi zaidi.

Supu ya moto haina ubaya. Ina maji, chumvi na joto linalotuliza, kwa hiyo anayezimua kwa supu yuko ndani ya hatua ya 3 na ya 4. Chupa ndiyo ninayokuomba uiache.

## Hatua ya 6: Lala tena

Pombe hukulaza haraka, kisha huuvuruga usingizi nusu ya pili ya usiku. Ulilala kwa muda wa saa nane, mwili ukapumzika kama umelala saa nne tu. Uchovu huo hautibiki kwa kitu kingine.

Funga mapazia, lala ubavu, beseni likiwa karibu, utegeshe kengele baada ya saa moja na nusu au mbili. Ukilala mchana kutwa, usiku utakesha, na kesho utaamka mchovu upya.

Kahawa: kikombe kimoja kidogo kinamfaa aliyezoea kunywa kila siku, maana kuikosa nako huleta maumivu ya kichwa. Asiyezoea, na ambaye moyo unamdunda, aipite.

Kuna dalili nyingine ambayo watu huona aibu kuitaja: woga na majuto mazito bila sababu ya wazi. Unawaza ulisema nini, nani amekasirika, maisha yako yanaelekea wapi. Pombe huutuliza ubongo. Inapotoka, ubongo unabaki umechangamka kupita kiasi, na woga huo ni sehemu ya hangova kama kichwa kilivyo. Usiandike ujumbe mrefu wa kuomba radhi, usiache kazi na usivunje uchumba kabla hujala, hujalala na hakujapambazuka siku nyingine. Lakini mawazo yakielekea kujidhuru, mpigie mtu sasa hivi, usisubiri kesho.

## Hatua ya 7: Jioni na siku inayofuata

Tembea polepole dakika 15 ukiweza, kula mlo wa kawaida jioni, kunywa maji kwa kiu, kisha lala mapema. Mazoezi mazito na kuoga mvuke yaache. Vyote vinakutoa jasho wakati maji bado hayajatosha.

Hangova nyingi huisha ndani ya saa 24. Utajua imekwisha chakula kikiwa na ladha, mwanga hauumizi macho, na unaweza kusoma ukurasa mmoja bila kuurudia.

Ikivuka saa 24, au macho yakigeuka njano, muone daktari.

Na kama asubuhi mikono inatetemeka, unatoka jasho, moyo unaenda mbio, na hali hiyo hutulia *ukinywa tu*, mwongozo huu hautoshi. Hiyo ni dalili kwamba mwili umeizoea pombe na unaugua ikikosekana. Usiache ghafla ukiwa peke yako nyumbani: degedege linaweza kutokea saa 6 hadi 48 baada ya kinywaji cha mwisho, na kuchanganyikiwa kukali kunaweza kufuata siku ya pili hadi ya nne. Nenda kituo cha afya, mweleze mhudumu unakunywa kiasi gani bila kupunguza hesabu, akupangie njia ya kuacha kwa dawa na uangalizi.